Sahihi ya Mwanadamu

Mjomba wake ndiye aliyemshauri asomee kompyuta, na kwa haki lazima isemwe kwamba mjomba hakukosea. Alikuwa karani mstaafu wa posta, mtu aliyeshuhudia barua zikifa mikononi mwake kwa miaka kumi na minane. Jumapili moja, binti wa dada yake akiwa amemaliza shule na hajui aelekee wapi, mjomba aliweka kikombe chini akasema kwamba katika zama zinazokuja kila kiumbe kinaweza kukosa kazi, lakini kompyuta haitakosa. Binti akaenda chuo, akasoma miaka minne, akatoka na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Na maneno ya mjomba yakawa yametimia vilevile yalivyosemwa: kompyuta ilikuwa imepata kazi. Aliyekosa ni yeye.

Aliandika barua za maombi arobaini na tatu. Waliojibu walikuwa tisa, na wote tisa walisema jambo moja kwa adabu tofauti: kazi za wanaoanza siku hizi zinafanywa na akili mnemba, wao wanatafuta wazoefu. Kwenye usaili mmoja alithubutu kuuliza wazoefu watatoka wapi ikiwa hakuna anayewapokea wanaoanza. Yule msaili, mtu mwema, alifikiri kidogo, akakubali kwamba hilo ni swali zito, na kwamba hata yeye alishasoma makala juu yake. Kisha akamshukuru kwa kufika.

Nyumbani hakuna aliyemsema. Mama yake alikuwa mpishi wa shule ya bweni, akiamka saa kumi na moja alfajiri na kurudi jioni amebeba vyombo ambavyo jiko la shule lilishindwa kuvisugua. Alianza tu kumwachia binti yake sufuria za kuosha, na kila wiki sufuria zilikuwa zikiongezeka ukubwa. Mjomba naye hakukata tamaa. Alimtumia kwenye simu video za watu waliosimama mbele ya ukuta mweupe wakieleza jinsi kijana anavyoweza kujijenga katika zama hizi: jifunze kuitumia mashine, tengeneza programu yako mwenyewe, jionyeshe. Akajifunza, akatengeneza, akajionyesha. Kwa siku mbili, akisaidiwa na mashine, alimaliza programu nzuri ya kuwakumbusha watu kunywa maji. Alipoipeleka mtandaoni akaikuta imekwisha kutangulia, si moja, bali mamia, zote zimetengenezwa na vijana wenye vyeti, zote zikiwakumbusha watu walewale kunywa maji yaleyale.

Basi alipoitwa kwenye kampuni moja ya ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro, alikwenda bila matumaini, na pengine ndiyo maana alikwenda vizuri.

Mkurugenzi wa kampuni alikuwa na saa ya mkononi iliyokuwa ikimtetemekea kila baada ya muda kumkumbusha asimame kwa ajili ya afya yake, naye aliitii kama askari. Hata angekuwa katikati ya sentensi, angesimama, akaimalizia wima. Usaili haukuzidi robo saa. Alitaka kuona cheti, akakiona. Alitaka kitambulisho, akakiona. Kisha akamuuliza kama anaweza kusoma.

Binti akatabasamu akidhani ni mzaha. "Kusoma nini?"

"Kusoma tu," Mkurugenzi akasema. Saa ikamtetemesha, akasimama, akaeleza mambo yote akiwa amesimama.

Kampuni ilikuwa na mkataba na idara ya afya wa kutunza mfumo wa chanjo, ule unaowapelekea akina mama ujumbe kwenye simu kwamba siku ya mtoto kuchanjwa imefika. Programu zote sasa ziliandikwa na akili mnemba, ambayo pale ofisini waliibandika jina la Mjuaji. Lakini mkataba ulikuwa na kifungu cha kumi na nne. Kifungu hicho kilisema kila badiliko la programu lazima lisomwe na lieleweke na mwanadamu mwenye cheti, naye atie sahihi yake chini pamoja na namba yake ya simu. Mkurugenzi mwenyewe hakuwa na cheti cha fani hiyo. Yeye alisomea masoko. Na Bingwa, mtaalamu wao mkuu, kijana wa miaka thelathini na moja mwenye vipokea sauti masikioni mchana kutwa, alikuwa amekataa. Alisema mikono yake ni ya kubuni, si ya kusaini. Ukweli ni kwamba alikuwa na mtoto mchanga nyumbani na hakutaka namba yake ya simu iandikwe mahali popote serikali inapoweza kuiona.

"Kwa hiyo kazi yangu ni kukagua," binti akasema.

"Kazi yako ni kuwepo," Mkurugenzi akajibu.

Mama yake alipopata habari aliketi chini kwanza ndipo akashukuru. Mjomba alisema katika miaka yake yote ya posta, wanaosaini walikuwa wakubwa, na wanaofanya kazi walikuwa wengine. Mpwa wake ameanzia juu. Sufuria zikarudi shuleni.

Ofisini wakamwita Sahihi. Lilikuwa jina la utani, na lilimkaa. Neno lenyewe, kama ujuavyo, lina maana mbili, ya kutia kalamu na ya kutokuwa na kosa, lakini pale ghorofa ya tatu ilihitajika ile ya kwanza tu.

Alipewa meza karibu na printa, dirisha linalotazama paa la jirani, na kalamu mpya. Siku ya kwanza alichapisha kazi aliyopewa, akatoa penseli, akaanza kusoma mstari kwa mstari kama alivyofundishwa. Mpaka adhuhuri alikuwa amemaliza kurasa nne. Nyuma yake zilikuwa zimelundikana mia tatu, kwa sababu Mjuaji, kwa muda wa mtu kupiga chafya, aliandika kazi ya wiki nzima. Bingwa alipita kwenda kuchukua chai, akarudi nyuma hatua mbili, akavua kipokea sauti kimoja.

"Unazisoma?" akamuuliza, kwa upole wa mtu aliyemkuta mwenzake anaosha mvua.

Pale asipoelewa, alimuuliza Mjuaji mwenyewe. Mjuaji hakuwa na kiburi hata kidogo, na hapo ndipo ulipokuwa ugumu wake. Ukimuuliza kwa nini mstari huu upo, alikusifu kwanza kwa kuuliza swali zuri, kisha akakueleza kwa ufasaha kwamba mstari huo ni wa lazima. Ukimwambia unadhani si wa lazima, alikupongeza kwa kuligundua hilo, akaufuta. Ukimwambia basi aurudishe, akaona ni wazo la busara. Sahihi alimjaribu hivyo asubuhi nzima, akatambua kwamba anaongea na shahidi aliyekula kiapo cha kukubaliana na kila upande. Na majaribio yaliyothibitisha kwamba programu inafanya kazi yaliandikwa na Mjuaji huyohuyo: alitunga mtihani mwenyewe, akaufanya mwenyewe, akausahihisha mwenyewe, akajipa mia kwa mia. Alama za kijani zilijipanga kwenye kioo kama shamba lililonyeshewa.

Mwezi wa kwanza aling'ang'ana. Mwezi wa pili alianza kuchagua cha kusoma. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi huo wa pili Bingwa alipoleta badiliko dogo. Idara ya afya ilikuwa imelalamika kwamba baadhi ya akina mama wanapokea ujumbe mara mbilimbili, ikaomba majina yaliyojirudia yaondolewe. Mjuaji alikuwa ameyaondoa. Sahihi alisoma ukurasa wa kwanza, akaelewa nusu yake. Kulikuwa na mstari mmoja uliomkwaruza kidogo, kama jiwe dogo ndani ya kiatu, lakini alama mia na kumi na mbili zote zilikuwa kijani, na Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni na mkoba kwapani akimsubiri.

Akasaini. Baadaye alilirudia jambo hilo kichwani mara nyingi, na kila mara alifika palepale: hakuna aliyemshika mkono.

Wiki tatu zikapita. Jumanne moja asubuhi, akiwa anapiga pasi blauzi ya kuvaa kazini, simu ikaita kutoka namba asiyoijua.

"Wewe ndiye uliyesaini?" sauti ya mwanamke mtu mzima ikauliza, bila salamu.

Alikuwa muuguzi wa meza ya chanjo kwenye kliniki moja, mwanamke ambaye akina mama walimwita Mama Kadi kwa vile kila kadi ya mtoto ilipita mikononi mwake. Alisema amekuwa akipiga simu idarani wiki nzima, huko wanamwambia mfumo uko salama. Mwishowe akasoma maandishi madogo chini kabisa ya kioo cha kompyuta na kukuta namba ya mtu.

"Watoto wangu wamepungua," akasema. "Njoo unitafutie."

Sahihi akamuuliza kwa heshima anajuaje kwamba wamepungua.

"Mwanangu, nina daftari."

Alimpigia Mkurugenzi kuomba ruhusa. Mkurugenzi hakuona sababu ya kwenda mahali ambapo mfumo unaonekana vizuri kutoka ofisini, lakini hakukataa, kwa kuwa hakuna kazi ambayo ingesimama kwa kukosekana kwake.

Kliniki ilikuwa jengo refu la chumba kimoja chenye madirisha ya juu, mizani ya kuning'iniza watoto, na benchi mbili ndefu zilizosuguliwa na miaka ya kukaliwa mpaka zikang'aa. Mama Kadi alikuwa na miwani iliyofungwa kwa kamba na daftari lenye jalada gumu, ambalo waraka wa idara ulikuwa umempiga marufuku kuliandika tangu mfumo ulipokuja. Aliuheshimu waraka huo. Aliutumia kufunikia daftari lisishike vumbi. Alimwonyesha Sahihi hesabu zake. Kwa mujibu wa daftari, watoto arobaini na mmoja waliokuwa kwenye mfumo mwezi uliopita hawakuwemo tena. Hawakufa, hawakuhama. Wametoweka tu, na mama zao hawajaitwa.

Sahihi alingoja kugombezwa. Mama Kadi badala yake alimsogezea kiti na rundo la kadi tupu, akamwambia kwa kuwa amekuja, asaidie kuandika.

Asubuhi ile hakuona kitu. Aliandika kadi mpaka vidole vikamuuma, akapokea salamu za watu hamsini, akatemewa mate na mtoto mmoja begani. Kesho yake akarudi. Saa tatu hivi akaingia mama mmoja amebeba mtoto mgongoni na mwingine kifuani, akaketi benchi ya mbele. Alipofika mezani alitoa kadi mbili. Kwenye mfumo, jina lilikuwa moja. Sahihi akamuuliza kama alipata ujumbe.

"Nilipata mmoja," mama akasema. "Huyu wa pili nikamleta tu, maana siwezi kumwacha mwenyewe nyumbani."

Mama Kadi akacheka, kisha akaona uso wa Sahihi, akaacha kucheka. Sahihi akamuuliza watoto wachanga wanaandikishwaje. Mama Kadi akaeleza kama mtu anayeeleza jinsi ya kufunga kitasa: siku ya kuzaliwa wengi hawajapewa majina, kwa hiyo huandikwa "mtoto wa fulani", pamoja na tarehe ya kuzaliwa na simu ya mama. Na mapacha? Vivyo hivyo. Mtoto wa fulani, mtoto wa fulani. Jina lilelile, tarehe ileile, simu ileile.

Hapo lile jiwe la kiatuni likamchoma. Mstari ule wa Ijumaa ulimjia machoni wazi, kama mtu anavyoliona jina lake kwenye orodha ya waliofeli. Ukikuta watoto wawili wenye jina moja, tarehe moja na simu moja, mbakize mmoja. Mjuaji alikuwa hajawahi kusikia kwamba mwanamke anaweza kujifungua mara mbili kwa siku moja; au alikuwa amesikia, anajua yote kuhusu mapacha wa dunia nzima, ila hakuna aliyemwambia kwamba hapa ndipo wanapokaa.

Wakakaa na daftari, wanawake wawili, wakapitia majina moja moja. Thelathini na sita walikuwa kila mmoja pacha wa mtu. Wawili walikuwa wa mama aliyezaa watatu, akabakiziwa mmoja. Watatu wa mwisho ndio waliomtoa Sahihi jasho, kwa sababu hawakuwa pacha wa yeyote. Ilibidi arudi asubuhi ya tatu ndipo akaelewa. Karani wa zamani, pale mama aliposahau tarehe ya kujifungua, aliandika tarehe mosi Januari. Na wapo majirani wenye majina yanayofanana waliotumia simu moja ya muuza duka. Mfumo ukawaona ni mtoto mmoja mwenye bahati ya kuandikishwa mara mbili.

Alirudi ofisini Alhamisi mchana, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Bingwa, akamwomba amwonyeshe jinsi sehemu ile inavyofanya kazi. Bingwa akaifungua, akashuka nayo chini, akapanda nayo juu, akashuka tena. Akavua vipokea sauti. Akamuuliza Mjuaji, naye Mjuaji akampongeza kwa umakini wa hali ya juu katika kuibua kasoro muhimu. Bingwa alizisoma pongezi zile mara mbili. Ndipo akachukua kiti chake, akakiburuta mpaka karibu na printa, akaketi upande wa pili wa meza ya Sahihi, akaomba penseli.

Marekebisho yenyewe yalimalizika alasiri hiyohiyo. Ilikuwa mistari minne, na Mjuaji aliiandika bila kusita. Kujua ni mistari ipi minne kulikuwa kumegharimu asubuhi tatu za benchi.

Kesho yake Mkurugenzi alimwita. Alimkaribisha kiti laini, ishara ambayo Sahihi hakuijua maana yake. Akamweleza kwamba idara imepata habari na imewaita Jumatatu, na kwamba mambo haya yasimshtue, kwa kuwa kampuni ilijiandaa tangu mwanzo. Atasimama, atasema kwamba yeye ni mgeni katika kazi, alipitiwa. Kampuni itasikitika, itamwachisha kazi palepale mbele ya Afisa, na mkataba utaendelea. Alisema haya bila ukali wowote.

"Usidhani tumekuchukia," akasema. "Nafasi yako iliundwa kwa ajili ya siku kama hii."

Ajabu ni kwamba Sahihi hakukasirika alivyotarajia. Alikuwa ameajiriwa abebe lawama, na katika jengo zima hakuna aliyeshangaa kuliko yeye kugundua kwamba lawama yenyewe ilikuwa yake kweli. Jioni alimsimulia mama yake, akitumaini kwa siri kuambiwa kwamba ameonewa. Mama yake alikuwa anakunja nguo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba yeye hupikia watoto mia tatu, na amewahi kuunguza.

"Nikiunguza, nasema nimeunguza. Sisemi moto ndio uliounguza." Kisha akauliza kama watoto wale wameshapatikana. Binti akajibu bado wote. Basi, mama akasema, una kazi ya kufanya kesho, hata kama ni Jumamosi.

Jumamosi na Jumapili Sahihi na Mama Kadi walipiga simu. Wengine walipokea, wengine walidhani ni matapeli, mmoja alitaka kwanza aambiwe jina la mtoto ndipo aamini, na mtoto hakuwa na jina. Kufikia Jumatatu walikuwa wamewapata thelathini na watatu.

Mkutano ulifanyika kwenye chumba chenye meza ndefu na chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Afisa wa idara alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kikohozi, aliyeonekana kuwa ameshahudhuria mikutano mingi ya kusikitika. Mkurugenzi akaanza kwa picha za rangi ukutani. Afisa akamwachia picha tatu, kisha akauliza ni nani aliyetia sahihi.

Sahihi akasimama. Alikuwa amekariri maneno ya ugeni na kupitiwa, lakini yalipofika kooni aliyaona hayana mtoto hata mmoja ndani yake. Akasema alisaini kitu ambacho hakukielewa vizuri, na alijua kwamba hakukielewa. Kisha akaeleza ilivyotokea, kwa dakika kumi hivi, bila picha: jinsi mtoto anavyoandikishwa kabla ya kupata jina, kwa nini karani aliandika tarehe mosi, simu ya muuza duka, mstari uliowala mapacha, mistari minne iliyowarudisha, na wale wanane ambao bado anawatafuta, akiwataja kwa majina ya mama zao.

Afisa alikuwa ameacha kukohoa. Alisema amekaa na mfumo huo miaka mitatu, na hii ni mara ya kwanza mtu kumweleza unavyofanya kazi. Akawatazama wengine.

"Kwenu pale, nani mwingine anaweza kunieleza hivi?"

Bingwa aliangalia chupa ya maji. Na wakati huohuo saa ya Mkurugenzi ikamtetemesha mkononi, naye, kwa mazoea ya mwili, akasimama.

"Karibu," Afisa akasema.

Mkurugenzi alizungumza kwa muda juu ya ubunifu na safari ya kampuni. Alipoketi, Afisa alitoa uamuzi wake kwa sentensi mbili. Mkataba utaendelea kwa sharti kwamba huyu dada abaki, na kwamba asisaini kitu chochote kabla ya kukaa kliniki angalau asubuhi moja kila wiki. Barua ya kumwachisha kazi, iliyokuwa tayari mkobani, haikutoka. Sahihi aliikuta siku mbili baadaye, nakala iliyosahaulika kwenye printa. Ilikuwa barua nzuri. Ilimshukuru kwa mchango wake adhimu na kumtakia heri katika safari mpya, na ilikuwa na tarehe ya siku aliyoajiriwa. Alisahihisha kosa moja la herufi kwa penseli, akairudisha mezani kwa Mkurugenzi.

Watoto saba kati ya wanane walipatikana ndani ya wiki mbili. Wa mwisho alichukua zaidi ya mwezi, kwa kuwa mama yake alikuwa amehama na kubadilisha namba. Akapatikana kupitia fundi cherehani aliyewahi kuwa jirani yake, mtoto mzima wa afya, amenenepa, na amepitwa na chanjo mbili. Mama Kadi alimchanja mwenyewe, akaandika kwenye daftari, ndipo akaandika kwenye mfumo.

Kampuni nayo ilibadilika kwa namna yake. Badala ya sahihi thelathini kwa wiki, sasa zilitoka sita, na Mkurugenzi alilalamika mpaka alipogundua kwamba wateja wanapenda kuambiwa hivyo. Akabandika mlangoni maneno makubwa: SISI HUSOMA. Bingwa alianza kwenda kliniki Jumatano moja moja, akidai anapeleka mtoto wake kupimwa uzito. Na Sahihi alipandishwa cheo, akaitwa Mkuu wa Uelewa, meza ikabaki ileile karibu na printa.

Mwaka huo chuo kimoja kiliandaa kongamano la wahitimu juu ya kujijenga katika zama za akili mnemba, na Mkurugenzi akampeleka Sahihi akazungumze. Hotuba alikuwa ameandikiwa na Mjuaji: nguzo tano za mafanikio, zote zikianza na herufi moja. Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Alisoma nguzo ya kwanza, akazikunja karatasi. Akawaambia kwamba alipata kazi kwa kuwa walihitaji mtu wa kulaumiwa, kwamba alifanya kosa lililowagusa watoto arobaini na mmoja, na kwamba alichojifunza alijifunza akiwa amekaa kwenye benchi, kwa watu wasiojua kuandika hata mstari mmoja wa programu lakini wanajua kila kitu ambacho programu haikukijua.

Wote waliandika kwa bidii. Kijana wa kwanza aliyepewa nafasi aliuliza hiyo kozi ya benchi inatolewa wapi. Wa pili aliomba kiungo cha mtandaoni. Mwendesha kongamano, akifunga, alifupisha hotuba nzima kuwa nguzo ya sita, Tafuta Benchi, ukumbi ukapiga makofi. Kabla mwezi haujaisha ilikuwepo kampuni mtandaoni iliyotoa Cheti cha Benchi kwa wiki mbili, bila kulazimika kutoka nyumbani, na mjomba akamtumia mpwa wake tangazo lake akimshauri asiipoteze nafasi hiyo.

Lakini siku ile ya kongamano, watu walipokuwa wakitoka, mwanamke mmoja alimsubiri mlangoni. Alimzidi Sahihi miaka kumi hivi. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyeacha kufundisha akasomea kompyuta, na sasa ana mwaka mzima hana kazi. Hakuuliza juu ya kozi wala nguzo. Alitaka kujua kliniki yenyewe iko wapi, na inafunguliwa saa ngapi.

Sahihi akamwelekeza njia. "Inafunguliwa saa moja na nusu," akamwambia. "Lakini wewe fika saa moja. Mama Kadi akishaanza kuandika, dada yangu, hapendi maswali."